Karakana ya pamoja kwa mbunifu wa bidhaa: ninacholipia Mikocheni na ninachopeleka Keko

Nianze na bei, maana ndiyo watu huniuliza kwanza. Hapa ninapofanyia kazi, kwenye ofisi ya pamoja yenye karakana yake, ndani ya jengo la ghorofa maeneo ya Mikocheni, Dar es Salaam, meza ya kupokezana ni laki moja na nusu kwa mwezi. Ukitaka meza yako mwenyewe yenye droo ya kufunga, unaongeza. Kadi ya karakana inalipiwa kando, na ukishakuwa nayo bado leza unailipia kwa dakika na printa ya 3D kwa gramu za plastiki ulizotumia. Kahawa ni bure, ila ukifika baada ya saa nne asubuhi utakuta chupa tupu. Jina la mahali silitaji kwa sababu nina malalamiko, na wenye mahali tunasalimiana kila siku.

Mimi ni mbunifu wa bidhaa wa kujitegemea. Sichori nembo wala sitengenezi tovuti, nabuni vitu vya kushikwa mkononi. Kwa sasa kazi yangu kubwa ni mbuzi ya kukunia nazi inayobana kwenye ukingo wa meza. Anayeishi ghorofani atanielewa haraka: mbuzi ya kukalia inataka sakafu na magoti mazima, na ukimaliza kukuna hujui uiweke wapi. Yangu ina kibano chini na ulimi wa chuma unaochomoka ili uoshwe. Kwa hiyo maoni haya ni ya mtu mwenye vumbi, skrubu na nazi mezani. Wa kompyuta mpakato peke yake huenda akapaona tofauti.

Printa ndiyo iliyonifanya nisiondoke. Jioni unapanua taya ya kibano kwa milimita mbili, unaiacha mashine ikifanya kazi usiku, asubuhi unabandua kipande kwenye sahani yake kikiwa bado na nyuzinyuzi za plastiki, unakwenda kukijaribu kwenye kaunta ya jikoni la ofisi. Ni kwa njia hiyo nilijua kwamba kaunta ya zege yenye vigae ni nene kuliko meza nyingi za mbao, na kwamba skrubu ya kibano inahitaji kisahani kipana mwishoni, vinginevyo inachimba mbao. Kwa fundi wa mtaani kila badiliko la namna hiyo ni safari na maelewano mapya ya bei. Ila PLA, plastiki inayotumiwa na printa, ina mipaka yake. Kwenye nyuzi 60 hivi inaanza kulegea, na gari lililoegeshwa juani Dar linafika huko bila shida. Tabaka zake pia zina mifereji midogo inayoshika tui, kwa hiyo sehemu yoyote inayogusa nazi usiiuze ya PLA, hata mteja akikubali.

Leza yao ni ya CO2. Plaiwudi ya milimita 3, akriliki, kadibodi na ngozi inakata vizuri mno. Chuma haikati. PVC hairuhusiwi, kwa sababu ikiungua inatoa moshi wenye asidi ya hidrokloriki unaokula mashine na mapafu, na bado kila baada ya muda anatokea mtu na bamba la plastiki lisilojulikana la Kariakoo akiapa kwamba ni akriliki.

Ulimi wa mbuzi basi ukanipeleka Gerezani, kwa mafundi wa chuma. Fundi alikata bamba la stenlesi, akalibana kwenye jiriwa, akaanza kuchonga meno kwa tupa huku akinihoji. Meno mapana yanatoa vipande, si machicha laini. Meno madogo mno yanajaa nazi na kuanza kuteleza. Na ukiyanyoosha mbele kupita kiasi, mkunaji anafika kwenye ngozi ya nazi kabla hajajua, tui linatoka na rangi. Alikunja ncha kidogo kwa nyundo, akaniambia nijaribu. Nilikuna nazi palepale kwenye benchi lake. Kule ghorofani kuna mashine nyingi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia habari ya mkunjo wa ncha.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kwamba hapa palijengwa kwa ajili ya watu wa kompyuta, karakana ikaja baadaye. Ukuta unaotutenganisha ni wa jipsamu. Jirani yupo kwenye kikao cha Zoom na mfadhili, mimi napiga msasa vishikizo vya mninga. Suluhisho lao ni saa za kelele kuanzia saa kumi na moja jioni, na karakana inafungwa saa mbili usiku. Piga hesabu mwenyewe ni muda gani unabaki, ukigawana CNC moja, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na kila mtu mwenye kadi. Mninga nao ni mgumu. Ukiikimbiza ile mashine ndogo, mbao inaungua pembeni na biti inakufa.

Umeme ukikatika, jenereta inabeba taa, intaneti na viyoyozi. Karakana haimo. Printa iliyokuwa imefika nusu inaganda, na plastiki iliyotumika unailipia vilevile. Hili nimelilalamikia kwa mdomo na kwa maandishi.

Kabati ndilo linaloniudhi kuliko yote. Plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 haiingii kwenye lifti, kwa hiyo unaikatisha hukohuko dukani kabla hujaipandisha. Kabati la mwanachama linatosha begi na viatu. Vielelezo vyangu vilikuwa vinakaa juu ya rafu ya wazi, na siku moja nikakuta mgeni aliyekuja kutembezwa anavipiga picha. Hakuwa na nia mbaya, naamini. Lakini sheria za kulinda maumbo ya bidhaa kwa kawaida zinataka kitu kiwe kipya, na picha iliyokwisha kusambaa inaweza kukuharibia madai hayo. Tangu siku ile navifunika kitambaa.

Jambo jingine la kuuliza kabla hujalipa: mkataba. Jina la biashara nililisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao bila usumbufu. Kwenye leseni ya biashara nilitakiwa mkataba wa pango, na wao walikuwa wamenipa mkataba wa huduma tu. Ili wanipe wa pango ikabidi nipande kifurushi. Wanaotangaza "anwani ya biashara" waulize watakuandikia nini hasa, na omba kuuona mkataba kabla ya kusaini.

Pamoja na hayo yote, siku nilipopanga bei ndipo pesa yangu iliporudi. Dada wa meza ya jirani anabuni vifungashio. Nilimwonyesha hesabu yangu: stenlesi, mbao, skrubu, fundi, boksi. Akauliza, "Na bodaboda? Na zitakazorudishwa? Na mwenye duka atapata nini?" Tukaanza upya kwenye karatasi, yeye akianza na bei ambayo mama mwenye duka la vyombo angeweza kuuza bila kubembeleza, kisha tukirudi nyuma hadi kwa fundi. Boksi nalilipia nusu ya nilivyokuwa nimepanga, kwa sababu alilichora upya likatoka kwenye karatasi moja bila gundi.

Oda ya kwanza kubwa ilipokuja, sikuigusa ghorofani. Vishikizo vya mninga vilikwenda Keko kwa maseremala, ndimi zikatoka Gerezani, na wote wawili walifanya kazi wakiwa na kielelezo cha plastiki mkononi badala ya mchoro. Hapo karakana ya pamoja ilinilipa. Lakini kwa kutengeneza kitu kilekile mara hamsini, gharama ya dakika za leza na foleni ya CNC haikuachii faida.

Kama ndiyo unaanza na bado hujui umbo la mwisho la kitu chako, ningekwambia ujiunge kwa miezi michache, ukianza na tiketi ya siku moja, uende jioni wakati wa kelele, si asubuhi wanapotembeza wageni. Kama tayari una oda, tafuta kibanda karibu na mafundi wako, au waulize SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, pale Vingunguti kuhusu nafasi. Mimi mkataba ulipoisha nimerudisha meza. Nimebaki na kadi ya karakana na kabati kubwa zaidi, ambalo walinipa baada ya kulidai sana.