Kisu kidogo cha kwenda nacho baharini na shambani: kipi ununue kwanza

Nina kovu kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nililipata kwenye mtumbwi katika mkondo wa Tudor, nikitumbua samaki aina ya changu kwa kisu cha kukunja nilichokinunua barabarani kwa sababu tu mpini wake ulinipendeza. Ncha ilikwama kwenye mfupa, nikasukuma, ubapa ukajikunja ukanirudia vidoleni. Kisu kile hakikuwa na kufuli. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla sijakifungua kisu, nikashika mpini vizuri, nikabonyeza mgongo wa ubapa polepole kwenye ukingo wa meza ya muuzaji. Kikicheza tu, nakirudisha.

Jaribio la pili ni la chumvi, na sisi watu wa Mombasa hatuna budi kulitanguliza mbele ya bei. Upepo wetu wenyewe una chumvi. Kisu ambacho Nakuru kingekaa kabatini kikabaki cheupe, Likoni kitaota kutu ukikisahau siku chache tu kwenye mfuko wa mishipi. Kwa hiyo visu hivi vinne nimevipanga kwa jinsi vinavyostahimili bahari na jinsi vinavyolinda vidole. Uzuri nitauzungumzia mwishoni.

Cha kwanza ni Mora Companion, ile ya chuma cha pua. Hakikunjiki, na hiyo ndiyo sababu ya kukiweka mbele. Kinatoka mji wa Mora, Uswidi, ambako kiwanda cha visu kilianza 1891. Ubapa wake una urefu wa sentimita kumi na kidogo, mpini ni wa plastiki na mpira, na ala yake ni ya plastiki pia. Hakina bawaba wala springi, hivyo chumvi haina pa kujificha. Ukirudi pwani unakisuuza kwa maji matamu, unakifuta, umemaliza. Suuza na ala vilevile, maana maji ya bahari hubaki humo ndani na kurudi kwenye ubapa usiku kucha. Kwa kukata chambo, kupaa samaki kama tasi au kukata kamba iliyojifunga kwenye nanga, sijaona kinachokishinda. Dafu mwachie panga. Ubapa huu ni mwembamba, haukutengenezwa kwa kupasulia kumbi.

Cha pili, Opinel nambari 8. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na pete ya kufungia ubapa ikaongezwa 1955. Pete hiyo ndiyo iliyonivuta mimi mwenye kovu: unafungua, unazungusha kwa kidole gumba, ubapa wa sentimita nane na nusu unasimama imara. Chagua chenye maandishi ya inoksi kwenye ubapa, yaani chuma cha pua. Kile kingine ni cha chuma cha kaboni, kinanoleka haraka lakini pwani kinashika kutu. Tatizo lake ni mpini wa mti. Mvua za masika zikishika, mti hunywa unyevu, unavimba, na ubapa unagoma kutoka. Usiuvute kwa meno wala kwa koleo. Legeza pete, kisha gonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, mara moja au mbili. Ncha itachomoza kidogo, uishike. Wenyeji wa Savoie ndivyo wanavyofanya. Na ukiuziwa, tazama alama ya mkono wenye taji kwenye ubapa. Pasipo alama hiyo, ondoka.

Victorinox, kile kisu cha Uswisi chenye zana nyingi, naiweka ya tatu, na najua wengi watanipinga. Spartan yao, ya milimita 91 ikikunjwa, ni nyepesi, na kile kibano kilichofichwa ubavuni kimeshanitolea miiba mingi ya mchongoma. Lakini ubapa wake hauna kufuli, unashikwa na springi tu. Kata tunda, fungua kopo, usisukume kwa ncha. Kwa anayekusanya, hata hivyo, hakuna shamba pana kama hili. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na aina zilizotoka hapo utazitafuta maisha yako yote.

Kuhusu utunzaji: bawabani tia tone la mafuta ya cherehani, na ubapani paka mafuta ya nazi kidogo, kwa kuwa kisu hiki kitagusa chakula. Usikihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu. Mimi vyangu viko kwenye bati la biskuti pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Njiani kikae chini kabisa ya mfuko wa kuvulia, si kiunoni. Stesheni ya Miritini mizigo inakaguliwa, na ndani ya ndege kisu hakiingii na begi la mkononi.

Kimebaki cha nne, ambacho kwa haki ya bahari kinastahili mkia, nacho ndicho nikipendacho kuliko vyote: Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mti umepachikwa mwezi na nyota za chuma. Mgongoni kina pete. Ukifungua, meno yanapita moja moja, tra-ka-ka-ka, na hakifungi mpaka uivute pete. Ubapa ni wa chuma cha kaboni, kwa hiyo usikipeleke majini hata siku moja. Kipeleke shambani, au kaa nacho barazani jioni na embe mbichi, chumvi na pilipili. Vipande vya mwanzo vikishakatwa, ukali wa embe unaanza kuubadilisha ubapa: kijivu, halafu buluu, halafu rangi ya shingo ya njiwa. Rangi hiyo usiisugue kwa msasa. Inapunguza kutu nyekundu, na kila Okapi huipata kwa namna yake. Futa tu kwa kitambaa kikavu, pakaa mafuta, uvute pete.