Kuuza Datsun 240Z: mnadani au kwa mnunuzi moja kwa moja?

Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, halistahili kuuzwa kwa pupa. Mnadani, washindani wawili wakilitaka kweli, bei hupanda yenyewe. Ila kuna kamisheni, na usipoweka bei ya chini kabisa unayoikubali, laweza kwenda kwa bei ya kutupa. Ukimuuzia mtu moja kwa moja, mna muda wa kufunua kapeti, kuangalia kutu chini ya betri, na kulinganisha namba ya injini na ile ya kwenye kibati chini ya boneti. Likiwa na injini yake halisi, mimi nachagua mnada. Likiwa limebadilishwa injini, namtafuta mnunuzi atakayelikagua kwa macho yake.