Viza ya mwenzi ya Uingereza: fomu nzuri, ada nzito, na miezi sita ya slipi

Tuanze na bei, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa kabla hata hawajafungua fomu. Kwa viwango vya Aprili 2025, mwombaji aliye nje ya Uingereza alilipa pauni 1,938 za ombi. Juu yake kuna mchango wa afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Viza yenyewe ni ya miezi 33, na miezi tisa ya mwisho huhesabiwa mwaka mzima, hivyo mchango unafika pauni 3,105. Jumla kwa viwango hivyo ilikuwa pauni 5,043, bado hujagusa mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu wala tafsiri. Ukinyimwa viza, mchango wa afya unarudishwa. Ada ya ombi imekwenda. Kwa huduma ya serikali hiyo ni bei kali mno, na kwa familia yenye mume Mwanza na mke Leicester ni akiba ya miaka.

Kabla ya yote, hakikisha ndiyo viza yenu. Mwenzi aliyeko Uingereza awe raia, au awe na ukaazi wa kudumu, au hadhi ya ukimbizi. Aliyeko huko kwa viza ya kazi hatumii njia hii. Familia yake huomba kama wategemezi. Walioomba viza ya kazi ya uangalizi wa wazee na wagonjwa kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta wategemezi. Watu wanalipishwa fedha na madalali kwa kutolijua hili tu.

Fomu ya mtandaoni tunaisifu. Maswali yake yako wazi, unaweza kuihifadhi na kuirudia kesho, na hulipi chochote mpaka ufike mwisho. Kasoro yake ni kwamba haikuzuii. Ukijaza kipato kisichokidhi masharti inapokea, inapokea na fedha, kisha unajua kosa miezi mitatu baadaye kwenye barua ya kukataliwa.

Na kosa hilo, mara nyingi, liko kwenye kipato. Tangu 11 Aprili 2024 kiwango ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Kinachohesabiwa ni kipato cha aliyeko Uingereza. Mshahara wa mwombaji wa Nairobi au Dar es Salaam, hata uwe mnono, hauingii kwenye hesabu ya ombi la kwanza. Aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi anatoa slipi za mshahara za miezi sita, stetimenti za benki za miezi hiyohiyo, na barua ya mwajiri inayotaja kazi, mshahara wa mwaka, muda aliofanya kazi, muda ambao amelipwa kiwango hicho, na aina ya mkataba. Barua yenye maneno "ni mfanyakazi wetu" peke yake haina kazi. Kama ana mshahara maalumu wa mwezi, mwezi wa chini kabisa ndio unaoamua: 29,000 gawa kwa 12 ni pauni 2,416.67, na mwezi mmoja wa likizo bila malipo unaweza kuharibu sita nzima. Anayelipwa kwa saa, kama wengi wa zamu za usiku, hupigiwa wastani wa miezi sita kisha huzidishwa kwa 12.

Kila slipi lazima ionekane benki. Slipi ikisema pauni 1,980 ziliingia tarehe 28, stetimenti ionyeshe 1,980 hizohizo. Stetimenti ya mwisho isiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku unapotuma ombi, na hapa wengi huteleza: wanakusanya karatasi mapema, kisha wanasubiri fedha za ada huku karatasi zinachacha. Aliyebadili kazi karibuni ana kundi lingine: awe analipwa kiwango hicho sasa, na pia athibitishe kwamba alipata pauni 29,000 katika miezi 12 iliyopita. Akiba inaweza kusimama badala ya mshahara, lakini ni pauni 88,500 zilizokaa benki miezi sita, na chanzo chake kielezwe.

Upande wa nyumbani, cheti cha ndoa ndicho cha kwanza. Kama mmoja wenu alishaoa au kuolewa kabla ya ndoa hii na wakaachana, hati ya talaka ni lazima, na kwa Tanzania Bara hiyo ni amri ya mahakama. Talaka iliyoandikwa mbele ya mashahidi haitoshi. Kila karatasi ya Kiswahili, hata risiti, iambatane na tafsiri kamili yenye tarehe, jina, saini na mawasiliano ya mfasiri. Picha za harusi ziwe chache. Tiketi za safari, mihuri ya pasipoti na miamala ya kutumiana fedha iliyosambaa kwa miezi mingi ina uzito zaidi, kwa sababu ina tarehe.

Mtihani wa Kiingereza ni wa kuzungumza na kusikiliza, ngazi ya A1, na uwe ule ulioidhinishwa kwa viza. IELTS ya kawaida ya kuombea chuo haikubaliwi, hata ukipata alama za juu. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kusamehewa, ila athibitishiwe na Ecctis, shirika la Uingereza linalotathmini vyeti vya nje. Kipimo cha kifua kikuu kwa wanaoishi Tanzania, Kenya na Uganda hufanywa kwenye kliniki zilizoidhinishwa tu, na cheti hudumu miezi sita. Eksirei ikitia shaka, utatoa makohozi na majibu yanaweza kuchukua wiki nane. Nenda mapema, lakini si mapema mno.

Kwenye kituo cha alama za vidole, mengi unayouziwa ni ya hiari: kuskaniwa karatasi, ukumbi maalumu, ujumbe wa simu. Pakia nyaraka mwenyewe kabla ya siku ya miadi, ukizipa majina yanayoeleweka, na hutalipa hizo. Baada ya hapo ni kusubiri, na muda uliotangazwa ni wiki 12.

Ombi likikataliwa, soma barua ujue kifungu kilichokuangusha. Kama ni karatasi iliyokosekana, ombi jipya lililopangwa vizuri mara nyingi huwa haraka kuliko mahakama, ingawa ada inalipwa upya. Kama wamekosea kuhesabu au hawaamini ndoa yenu, kata rufaa. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28, na ada ni pauni 80 kwa rufaa ya karatasi au 140 ya kusikilizwa.