Makumbusho ya Mwalimu Butiama: nendeni tarehe 13 Aprili, msisubiri sikukuu

Nimeshaenda Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama mara mbili, ya kwanza 14 Oktoba siku ya sikukuu, ya pili 13 Aprili, tarehe aliyozaliwa, na jamani ni kama nimeenda sehemu mbili tofauti.

Oktoba nilipanda hiace Musoma, konda akapandisha nauli eti leo sikukuu, tukabanana mpaka Butiama. Kufika ndani ni watu tu, unasoma nusu ya maelezo huku mtu anakusukuma mgongoni, nguo zake na zile zawadi alizopewa nimeziona juu juu tu.

Aprili ndo nilipaelewa. Tulikuwa watu wanne na mwongozaji, mvua ya masika inamwagika nje, na yeye anatuambia mtoto alizaliwa 1922 siku ya mvua kubwa ndo maana akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Hilo jina nimelisikia tangu shule ya msingi, lakini kulisikia pale pale alipozaliwa, na mvua yenyewe inanyesha, nilisisimka mwili kwakweli. Baadaye ikakatika tukaenda Mwitongo kwenye kaburi, tukakaa kimya muda mrefu hakuna aliyetuharakisha.

Sasa kinachoniuma ni kwamba siku hiyo niliomba ruhusa kazini, maana sio sikukuu. Sisi 14 Oktoba tunapumzika kwa sababu ndo siku aliyofariki 1999, na Mzee Karume hivyo hivyo, 7 Aprili ni siku aliyouawa 1972, yaani wote wawili tunawakumbuka kwa vifo vyao. Na sio kwamba serikali haiwezi kuongeza siku, 23 Agosti 2022 Rais Samia alitangaza mapumziko kwa ajili ya sensa nchi nzima ikatulia. Mwaka huo huo Mwalimu angetimiza miaka 100, ikaangukia Jumatano, tukaenda kazini kama kawaida.

Mi sidai nchi nzima ifunge, najua uchumi. Ila Marekani jimbo la Illinois ofisi za jimbo zinafungwa 12 Februari kwa birthday ya Lincoln wakati kitaifa sio sikukuu, kwahiyo kwanini mkoa wa Mara peke yake usipewe 13 Aprili, watoto wa Musoma, Bunda na Tarime wapelekwe pale wakasikie habari za Kambarage mvua ikinyesha?

Makumbusho yenyewe nayapa nyota tano, hasa kwa yule mwongozaji, ana subira na anajibu kila swali. Mkienda Aprili bebeni mwavuli na viatu vya tope, na msiishie ndani tu, fikeni mpaka Mwitongo.