Kubadilisha hita ya maji Kigoma: ipi ununue, na dari uilinde vipi

Kabla hujaenda madukani Mwanga kuulizia bei ya hita, chungulia ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio utakaoamua hita mpya iishi miaka mingapi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yamebeba magnesiamu nyingi. Yakipashwa, madini hujitenga na kuivaa elementi (chuma kinachopasha maji ndani ya hita) kama gamba. Joto linashindwa kuingia kwenye maji upesi, elementi inaiva kupita kiasi, na siku moja inaungua. Kwa hiyo ndugu yako wa Tabora akikusifia hita yake iliyodumu, kumbuka kwamba huko wanapata maji laini ya Ziwa Victoria. Hapa kwetu hita inakula kibano kingine.

Jambo la pili: si kila hita inayovuja ni ya kutupa. Izime kwenye breka, ikaushe kwa kitambaa, halafu tazama tone la kwanza linatokea wapi. Likitokea kwenye maungio ya bomba, hiyo ni kazi ndogo ya fundi bomba. Likitokea kwenye kifuniko cha chini kinachoshika elementi, gasketi (mpira wa kuzuia maji yasipenye) imechoka, nayo inauzwa peke yake. Likitoka kwenye valvu ya usalama wakati maji yanapashwa, huenda hakuna ubovu wowote: lita 50 zikitoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka kwa karibu robo tatu ya lita, na ziada hiyo lazima ipate pa kutokea. Lakini tone likichuruzika kutoka kwenye tanki lenyewe, au maji ya moto peke yake yakija na rangi ya kutu, tanki limeoza. Usikubali lichomelewe. Moto wa kuchomelea unaharibu enameli, yaani utando wa ndani unaokinga chuma, na kutu inaanzia hapohapo.

Sasa twende dukani.

Namba moja: hita ya tanki ya umeme, lita 30

Kwa nyumba ya kawaida ya mjini, hii ndiyo ninayoiweka mbele. Watu wengi hukimbilia lita 80 kwa kuogopa maji kuisha, lakini piga hesabu kwa ndoo. Lita 30 zilizopashwa hadi nyuzi 60, ukizichanganya na maji ya bomba, zinakupa karibu ndoo tatu za lita 20 za maji ya kuogea. Hizo zinamtosha mzee na watoto wawili asubuhi, na baada ya dakika 50 hivi hita ya wati 1,500 imeshapasha nyingine. Kama kuna mama aliyejifungua anayekandwa kila siku, au familia ni kubwa, chukua lita 50 na uishie hapo.

Halafu kuna umeme. Kupasha lita 50 mara moja kwa siku hula uniti 2 hivi, yaani 60 kwa mwezi. Mteja wa D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo wa umeme, anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo hita peke yake inakaribia kuzimaliza kabla hujawasha taa wala friji. Utajikuta kwenye daraja la T1, na huko bei ya uniti ni nyingine kabisa.

Dukani usianze na rangi wala taa za mbele. Muulize muuzaji fimbo ya magnesiamu iko wapi na inachomolewaje. Fimbo hiyo inaliwa na kutu kwa niaba ya tanki. Ukiifungua baada ya mwaka ukakuta umebaki waya wa katikati tu, badilisha siku hiyohiyo, kwa sababu kinachofuata kuliwa ni chuma cha tanki. Hakikisha boksi lina valvu ya usalama, mwili una alama ya TBS, na elementi na gasketi za aina hiyo zinapatikana hapahapa mjini. Hita nzuri ambayo kipuri chake kinasubiri basi kutoka Dar itakutesa.

Namba mbili: hita ya jua

Kwa nyumba yenye watu wengi, nyumba ya wageni, au kwa walioko Kasulu na Buhigwe ambako asubuhi ni baridi kweli, hii inaweza kupanda hadi namba moja. Kinachoiangusha ni gharama ya kuanzia na paa. Tanki la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200 juu ya mbao zako, kwa hiyo fundi paa aseme kwanza. Zile za mirija ya vioo zisizo za presha lazima zilishwe na simtanki iliyo juu kuliko hita yenyewe. Ukiziunga moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, mipira ya mirija inafumuka. Zijazwe alfajiri. Maji baridi yakiingia kwenye mirija iliyopigwa na jua la saa saba mchana, vioo vinapasuka. Na masika, mawingu yakikaa siku nzima, utahitaji elementi ya akiba.

Namba tatu: shawa ya umeme

Inamfaa mpangaji, maana unaifungua na kuhama nayo. Haina tanki, kwa hiyo hatari ya kufurika ni ndogo. Tatizo ni nyaya. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, wakati hita ya tanki ya wati 1,500 inavuta chini ya 7. Inataka waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye breka yake, pamoja na ethi inayofanya kazi. Usiiunge kwenye soketi ya chumbani. Kwa maji yetu chagua zile zilizoandikwa kuwa ni za maji ya chumvi, ambazo elementi yake imefunikwa.

Namba nne: hita ya gesi

Inapasha haraka na haijali umeme kukatika. Ila ikifungwa ndani ya bafu lisilo na hewa inatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu waliojifungia humo. Kama huna ukuta wa nje wa kuiweka, achana nayo.

Hita ya mtumba sikuipa namba. Huwezi kuona kilichobaki ndani.

Dari na kuta zako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na kinga yake ni rahisi kuliko hita yenyewe. Usiweke tanki juu ya jipsamu. Uvujaji wa dari huanza polepole: kwanza duara la rangi ya chai lenye ukingo uliokolea, kisha jipsamu inalegea kama mkate uliolowa, na ukija kuliona duara hilo mbao za juu zimeshashiba maji. Weka hita ukutani bafuni, juu ya sakafu yenye tundu la maji. Kama hakuna pengine isipokuwa darini, tengeneza trei ya bati chini yake yenye bomba linalotoka nje ya nyumba, mahali unapopita kila siku, ili tone likionekana ujue mapema.

Valvu ya usalama iwe na kibomba chake kinachoteremka na mdomo ulio wazi. Wapo wanaoiziba kwa bolti kwa sababu "inachafua ukuta". Presha ikikosa njia, tanki linapasuka, na maji ya nyuzi 60 na zaidi yanamwagika juu ya mtu.

Lita 50 pamoja na tanki lake ni karibu kilo 70. Kwenye kuta za matofali ya kuchoma, bolti za kutanuka zinaweza kulimeng'enya tofali. Bora bolti ndefu inayotokea upande wa pili ikiwa na bamba la chuma. Bomba za maji ya moto ziwe PPR ya maji ya moto, si PVC nyeupe. Mipira ya kuunganishia inunuliwe mipya pamoja na hita, na kabla ya hita iwepo koki ambayo hata mtoto mkubwa anaweza kuifunga.

Themostati (kidhibiti joto) iache kati ya nyuzi 55 na 60. Juu ya hapo ukoko unaongezeka haraka. Mara moja kwa mwaka mwite fundi azime breka, afunge koki, amwage maji, achomoe elementi na kuiloweka kwenye siki. Asiwashe tena mpaka bomba la moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa.

Na siku ya kufunga hita mpya, mwambie fundi asipige plasta kwenye maungio. Ipashe, ipoe, ipashe tena usiku kucha. Asubuhi pitisha karatasi ya choo kwenye kila kiungio. Ikitoka kavu, ndipo amalizie plasta na umlipe kilichobaki.