DMSO katika utafiti wa dondoo za mimea: uzoefu wangu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia daimethili salfoksaidi, ambayo kila mtu maabarani huiita DMSO, katika kazi ya kupima iwapo dondoo za mimea ya dawa huzuia bakteria na iwapo zinadhuru seli za binadamu. Maabara yetu iko Nairobi, na mimea tunayoishughulikia zaidi ni ile inayotumiwa na waganga wa mitishamba tangu zamani, mwarobaini ukiwa mmojawapo. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara anayetaka kujua kama kiyeyushi hiki kinastahili fedha zake, na atarajie nini kikishafika mezani.

Sababu ya kwanza ya kuinunua ni uwezo wake wa kuyeyusha. Majani makavu ya mwarobaini yakilowekwa katika methanoli, yakachujwa, kisha methanoli ikavukizwa yote, kinachobaki chini ya chupa ni utomvu wa kijani uliokolea, unaonata kwenye kijiko kama lami. Ukitiwa maji hujikusanya madonge na kukataa kuachana. Ukitiwa DMSO na kutikiswa, baada ya muda mfupi unapata kimiminika cheusi kisicho na punje, ambacho huvutika kwa pipeti bila kuziba ncha yake. Siri iko katika molekuli yenyewe: oksijeni iliyofungamana na salfa huvutana na maji, ilhali vikundi viwili vya methili vilivyo upande wa pili hupatana na vitu vya jamii ya mafuta. Kwa hiyo DMSO huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na papo hapo huyeyusha flavonoidi na terpenoidi nyingi, yaani jamii mbili za viambato vya mimea, ambazo maji peke yake hayaziwezi.

Hata hivyo, DMSO yenyewe ina athari kwa viumbe vinavyopimwa, na hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Ikizidi, huzuia bakteria kukua na hulegeza utando wa seli, na mtafiti asiyejihadhari anaweza kuisifu dondoo kwa kazi iliyofanywa na kiyeyushi. Sisi huandaa dondoo ya miligramu 100 kwa mililita katika DMSO tupu, kisha tunaipunguza mara mia katika mchuzi wa kuoteshea bakteria, ili kila kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya kupimia, kibaki na miligramu 1 ya dondoo kwa mililita pamoja na asilimia 1 ya DMSO. Kwa seli za binadamu tunashuka hadi asilimia 0.5 au chini ya hapo. Katika kila sahani ya visima 96 tunatenga visima vyenye DMSO bila dondoo, kwa kiwango kilekile kabisa, na matokeo yote yanalinganishwa na visima hivyo, wala si na mchuzi mtupu.

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi hulipuuza. Dondoo ikipunguzwa hatua kwa hatua kwa kutumia mchuzi, DMSO nayo hupungua pamoja nayo, kwa hiyo kila kisima kinakuwa na kiwango chake na ulinganisho unakosa uthabiti. Ninapendekeza ngazi zote za upunguzaji zifanywe kwanza ndani ya DMSO, halafu ujazo uleule uhamishwe kutoka kila ngazi kwenda kwenye kisima chake. Kazi inaongezeka kidogo, lakini namba zinazopatikana zinaweza kutetewa mbele ya mtahini yeyote.

Kuhusu utunzaji, DMSO huganda ikifika nyuzi 18.5 za Selsiasi. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapokaza usiku, si ajabu kuingia maabarani asubuhi na kukuta chupa imekuwa bonge la fuwele nyeupe. Haijaharibika. Iweke katika beseni la maji vuguvugu hadi iyeyuke yote, kisha uichanganye polepole kabla ya kupima. Tatizo kubwa zaidi ni unyevu, kwa sababu DMSO hufyonza maji kutoka hewani kila kifuniko kinapofunguliwa, na maji hayo huwafanya baadhi ya viambato vilivyoyeyuka vianze kutuama, hasa dondoo inapogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Ndiyo maana tunaigawa katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja.

Matumizi ambayo kwangu yanaipa DMSO heshima ya pekee ni kuhifadhi seli hai. Mwaka 1959, James Lovelock na Marcus Bishop, waliokuwa wakifanya kazi London, walionyesha kwamba inazikinga seli dhidi ya madhara ya kugandishwa, na hadi leo maabara nyingi duniani huhifadhi seli zake katika mchanganyiko wenye takribani asilimia 10 ya DMSO. Inaingia ndani ya seli na kupunguza uundaji wa fuwele za barafu zinazopasua tando. Seli hupozwa taratibu, kama nyuzi moja kwa dakika, kabla ya kuingizwa katika naitrojeni ya kimiminika. Wakati wa kuziyeyusha, mwendo unageuka: zinayeyushwa haraka na kuhamishiwa upesi katika mchuzi mwingi, kwa sababu kiwango hichohicho kilichoziokoa kwenye baridi huzidhuru zikiwa na joto.

Katika upimaji wa uhai wa seli kwa MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau, DMSO ndiyo huyeyusha fuwele hizo ili kipimo cha mwanga kisome rangi yake, na hapo sina lalamiko lolote. Katika NMR, mbinu ya kutambua muundo wa molekuli kwa sumaku, DMSO yenye deuteriamu (haidrojeni nzito) imenifaa sana kwa flavonoidi, kwa kuwa haidrojeni za vikundi vya haidroksili, ambazo hupotea katika methanoli yenye deuteriamu, huonekana wazi. Haidrojeni ya haidroksili ya kwersetini, mojawapo ya flavonoidi, kwenye kaboni ya 5, kwa mfano, husimama karibu na 12.5 ppm kwenye kipimo cha NMR.

Lalamiko langu kuu ni ugumu wa kuiondoa. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65 hivi, lakini DMSO husubiri hadi nyuzi 189, na viambato vingi vya mimea haviwezi kustahimili joto hilo. Kwa hiyo sampuli adimu, iliyotengwa kwa jasho la miezi, isitiwe DMSO kabla vipimo vingine vyote havijakamilika.

Watu husema haina sumu kali, na ni kweli, lakini maneno hayo yasimlegeze mtu. Hupenya ngozi kwa urahisi na inaweza kuingia pamoja na kilichoyeyushwa ndani yake, kwa hiyo anayeshika dondoo isiyojulikana sumu yake ajihadhari maradufu. Glavu nyembamba ikidondokewa, ibadilishwe papo hapo. Vichujio vyenye utando wa selulosi asetati visitumike, kwani DMSO tupu huviyeyusha. Vya PTFE, plastiki ya aina ya Teflon, vinastahimili.

Ningeinunua tena, ile iliyothibitishwa kwa matumizi ya seli, katika chupa ndogo za kioo cheusi hata kama chupa kubwa ina nafuu ya bei, kwa sababu kubwa itakuwa imejaa unyevu kabla haijafika nusu. Anayetaka kutumia sisiplatini, dawa ya saratani yenye platinamu, kama dawa ya ulinganisho aiyeyushe katika maji ya chumvi, kwa kuwa DMSO hushikamana na platinamu yake na kuipunguzia nguvu.