Kabla ya Kuuliza Spidi, Pima Ubavu wa Tairi: Magari Madogo ya Spoti Ninayoyashauri

Mwaka juzi nilinunua gari dogo la spoti kwenye yadi moja hapa Dar kwa shilingi milioni 21. Jekundu, injini safi, rimu za inchi 17 zinazong'aa. Nililijaribu Barabara ya Bagamoyo asubuhi ya Jumapili na lilivyochanganya, nikalipa bila kuomba punguzo.

Mwezi wa pili nikiwa natoka Tanga usiku, kati ya Kabuku na Mkata, niliingia kwenye shimo ambalo gari la kawaida lingelipita kwa kishindo tu. Tairi la mbele kushoto likapasuka. Nikafungua buti, nikanyanyua zulia: hakuna spea. Palikuwa na pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi yenye maandishi ya Kijapani. Kilichosomeka ni tarehe, na muda wake ulikuwa umepita miaka minne. Dereva wa lori aliyesimama kunisaidia alimulika tochi akasema, "Dada, hili limechanika ubavuni. Hiyo gundi ni ya tundu la msumari."

Nililala ndani ya gari. Asubuhi nikapanda basi na rimu yangu hadi Chalinze, saizi ile haipo. Nikaendelea hadi Dar, nikaipata Ilala kwa laki tatu na arobaini, tairi moja. Ukijumlisha nauli, mtu wa kulinda gari na siku mbili za kazi, shimo moja lilinigharimu zaidi ya nusu milioni.

Kwa hiyo wanaoniandikia kuuliza gari gani dogo lina nguvu kwa bei nafuu, mimi naanzia kwenye tairi. Rangi, redio na viti mtaviona wenyewe.

Soma namba zilizoandikwa kwenye tairi. Mfano 195/50R16: 195 ni upana kwa milimita, 50 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, 16 ni inchi za rimu. Nusu ya 195 ni milimita 97.5. Huo ndio mto wote ulio kati ya rimu yako na ukingo wa shimo. Ikiwa ni 195/45R17, unabaki na milimita 88 hivi. Sentimita moja inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama rimu itagonga lami na kuubana mpira hadi uchanike. Kwa mtu anayesafiri mikoani, chini ya milimita 95 mimi sishauri.

Kisha nyanyua zulia la buti mbele ya muuzaji. Magari mengi ya spoti ya Japani hayana spea tangu kiwandani. Yana pampu na gundi, ambayo kwa kawaida huziba tundu la hadi milimita nne hivi, tena pale panapokanyaga barabara, siyo ubavuni. Na kama kiwanda kiliweka spea nyembamba, kumbuka imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Angalia pia tarakimu nne zilizo ndani ya duara refu ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona alama ya mlima wenye chembe ya theluji, huenda gari limekuja na matairi ya baridi. Mpira wake ni laini, na kwa lami ya moto ya Dodoma utaisha upesi. Hesabu seti nzima ya matairi ndani ya bei.

Kuhusu nguvu, usidanganywe na farasi peke yake. Gawanya uzito wa gari kwa nguvu farasi; jibu likiwa dogo, gari linachanganya zaidi. Mijini tunaruhusiwa kilomita 50 kwa saa na tochi za trafiki haziko mbali, kwa hiyo nguvu unayoitumia kweli ni ile ya kulipita semi-trela linalopanda mlima, na ile ya kuondoka kwenye tuta bila gari kukohoa. Gari la kilo elfu moja lenye farasi 120 linaitosha kazi hiyo.

Namba moja kwangu ni Suzuki Swift Sport, na sifichi kwamba naipenda Suzuki kuliko kampuni nyingine yoyote kwa magari ya ukubwa huu. Usukani wake unajibu kabla hujamaliza kuugeuza, na bodi haiyumbi kwenye kona. Ninayoichagua ni ile ambayo namba yake ya chesisi inaanza na ZC31S, ya 2005 hadi 2010: injini ya 1.6 yenye farasi 125, uzito kama kilo 1,060, cheni ya taimingi badala ya mkanda, matairi 195/50R16. Ya gia za mkono ina gia tano. Ya otomatiki ni ya gia nne za kawaida, siyo CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika), na fundi wa mtaani anaielewa. ZC32S iliyofuata ina farasi 136, na ZC33S iliyoanza 2017 ni turbo ya 1.4 yenye farasi 140 kwenye kilo 970 tu, yaani chini ya kilo saba kwa kila farasi mmoja. Hilo ni gari tamu kweli. Lakini zote mbili zimekuja na 195/45R17 na chupa ya gundi. Ukinunua mojawapo, tenga pesa ya rimu za inchi 16 zenye 195/50: kipenyo cha nje kinapungua milimita sita tu, spidomita haitakusumbua. Mwambie fundi azungushe rimu mpya kwanza ahakikishe haigusi kalipa ya breki.

Namba mbili, Honda Fit RS, yaani Fit ya toleo la spoti. Kwa kipimo changu cha ubavu ilipaswa kuwa ya kwanza, maana 185/55R16 inakupa karibu milimita 102. GE8 ina injini ya 1.5 na farasi 120; GK5 iliyofuata ina 132. Buti lake linameza magunia. Nimeishusha kwa sababu nyingi zinazoletwa ni otomatiki za CVT, na CVT ikiwahi kuwekewa oili ya gia za otomatiki za kawaida, huko mbele ni kilio. Muulize mwenye gari aliweka oili gani. Akisema "oili ya gia", ondoka. Ukipata ya gia za mkono, chukua.

Namba tatu, Toyota Vitz RS. Injini yake ya 1NZ ni ileile iliyo kwenye Probox na IST za 1.5, kwa hiyo vipuri vyake unavipata hata Nzega. Farasi ni kama 110, haikimbii kama Swift. Raha yake ni kwamba 195/50R16 unaweza kuibadilisha kwa 185/60R15, kipenyo karibu kilekile, ubavu milimita 111, na saizi hiyo utaipata mikoani bila kuhangaika.

Hapa ndipo wauzaji wananikera hasa. Kibandiko cha RS hakigharimu chochote na kimejaa mjini. Kuna watu wameongezwa milioni tatu kwa ajili ya kibandiko na spoila. Usisome mlango wa nyuma, soma namba ya chesisi kwenye kadi. KSP90 ni Vitz ya injini ya lita moja, SCP90 ni 1.3; haiwezi kuwa RS hata ikivaa bampa gani. RS ya kizazi hicho ni NCP91, ya kilichofuata ni NCP131. Kwa Fit, GE6 ni 1.3 na GE8 ni 1.5. Kwa Swift, ZC71S na ZC72S ni za 1.2. Namba hizo yadi wanazijua vizuri kuliko mimi, na bado wanakuandikia "Sport" kwenye kioo cha mbele kwa chokaa. Halafu jeki, spana na spea vinapotea njiani kabla gari halijafika mkononi mwako, ukiuliza unaambiwa lilikuja hivyo.

Namba nne, Nissan Note Nismo S: 1.6, farasi 140, gia za mkono tu. Linakimbia. Lakini 205/45R17 ni milimita 92, na bampa yake ya mbele iko chini, matuta ya mitaani kwetu yatailamba kila siku.

Namba tano, Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha sita. Farasi 211, na kwa nguvu peke yake hakuna la kubishana naye hapa. Watu wanavutwa na bei yake kushuka. Imeshuka kwa sababu wenzako wanakimbia bili. Sanduku lake la gia la DSG (otomatiki ya klachi mbili) linataka oili mpya kila kilomita 60,000, na wachache wanaoliuza wana risiti ya hiyo kazi. Likija na 225/40R18, ubavu ni milimita 90 zinazobeba gari la karibu kilo 1,400.

Mazda Demio Sport ni ya bei rahisi kuliko yote haya. 195/45R16, milimita 88. Basi.

Kama unaagiza mwenyewe Japani, weka mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma pesa. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, kwa hiyo Vitz ya 1.5 na Golf ya 2.0 ziko daraja moja. Linalouma ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30. ZC31S zote ziko huko. Ndiyo maana ninayoitafuta sasa naitafuta kwa mtu aliyekwisha kuisajili hapa nchini. Wiki iliyopita nimeipata moja Morogoro, ya rangi ya fedha, gia za mkono. Nimemwomba mwenyewe picha tatu tu: kadi, ubavu wa tairi zote nne, na sakafu ya buti bila zulia. Amenitumia mbili, naisubiri ya buti.